Kumchagulia Shule Mtoto Anayeruka

Mwanangu alipokuwa gredi ya tisa, shule yake ilituletea karatasi ya kuchagua sekondari ya juu. Karatasi ile ilikuwa ya kujipangia tu nyumbani. Orodha yenyewe ingeingizwa kwenye kompyuta na mwalimu wa darasa, siku ya Ijumaa, wiki tatu mbele, na baada ya hapo hakuna kubadilisha. Tulikuwa tumekwisha kukubaliana mambo mawili. Angefuata mkondo wa Sanaa na Michezo, kwa sababu tangu ajue kutembea hajakaa kitako. Na angelala bweni, kwa sababu nyumba yetu ya Utange ina vyumba viwili na watoto watano, na huyu akiwa ndani hata kuku wa jirani hawatulii. Lililobaki lilikuwa shule ipi iandikwe ya kwanza.

Mume wangu hufanya kazi ya zamu kwenye makontena, Changamwe, kwa hivyo jambo hilo aliniachia mimi. "Wewe ndiwe mwenye macho," alisema. "Nenda ukatazame, uje unambie." Ni kweli kwamba mimi hupenda kutazama na kuandika. Nauza viungo sokoni Kongowea, na kwenye meza yangu daftari halikosekani. Nilichora mistari, nikaandika juu yake: maji, jiko, msala, zahanati, vyoo, matokeo ya mitihani, umbali.

Kakangu, mjomba wa mtoto, hakuona kama kuna la kuchagua. Alisoma shule moja kubwa ya bara, ya wavulana, akacheza raga miaka yote aliyokuwa pale, na mpaka leo bega lake la kushoto liko chini kuliko la kulia. Bega hilo hulionyesha kama watu wengine wanavyoonyesha shahada. "Mtoto wa michezo hupelekwa shule ya michezo," alisema, "na shule ya michezo ni ile."

Tatizo lilikuwa mtoto mwenyewe. Ni mrefu, mwembamba, miguu yake kama imeanzia karibu na kifua. Likizo ya Desemba iliyotangulia, kakangu alimpeleka kwenye mazoezi ya raga ya vijana kule mjini, kisiwani. Siku ya tatu alimrudisha mkono umefungwa kwa kitambaa shingoni.

"Kumekwenda nini?" niliuliza.

"Muulize mwanao," kakangu alisema, amekasirika huku akicheka. "Mpira anao. Mtu anamjia, ameinama, anataka kumkumba. Mwengine angejikaza, au angekwepa. Huyu wako akamruka! Wallahi dada, akampita juu ya kichwa kama mbuzi anayeruka ua. Wa pili akamdaka angali hewani."

"Nilikuwa nishapita, mjomba," mtoto alisema.

"Raga si ya kupita juu! Watu wamejaa pale chini, wewe wawakimbia?"

Mfupa wa bega ulipata ufa. Ulipopona, kakangu alisema kwamba akipelekwa bweni atakula, atajaa mwili, na hayo ya kurukaruka yatamtoka.

Kwetu mtu haendi peke yake kuomba jambo kubwa. Hupelekwa watu wazima, huchukuliwa halua, hukaliwa, watu huulizana hali na hali za waliobaki nyumbani, na lile lililowaleta hutajwa mwisho, kwa upole, wakati wa kuaga. Anayezungumziwa hukaa kimya. Ndivyo tunavyokwenda kuposa, na ndivyo tulivyokwenda kutafuta shule, bila hata kufikiri kama kuna njia nyingine. Tulikuwa wanne: mimi, kakangu, mamangu, na mtoto amevaa kanzu iliyopigwa pasi.

Shule ya kakangu ilinitia bumbuazi. Sijapata kuona majani mabichi kiasi kile. Uwanja ulikuwa umelala kama zulia la msikiti mkubwa, na pembeni yake vijana wanane walikuwa wakisukuma chombo cha chuma chenye mito, mwenzao amesimama juu akiwahesabia. Kila waliposukuma nilihisi ardhi kwenye nyayo zangu. Walipotuona wakaacha, wakatuamkia kwa sauti moja, mamangu akaitikia marahaba mpaka akakosa pumzi. Wakati wa chakula waliimba wimbo wa timu, mia kadhaa kwa pamoja, wakipiga meza, na nilimwona kakangu, mtu mzima mwenye mvi, anafuta macho.

Mwalimu mkuu alitupokea kwa heshima zote. Alitafuta picha ya zamani ukutani mpaka akampata kakangu, kijana, bega lake bado liko sawa. Tulikunywa chai. Tulisifu jiko, tukaonyeshwa msala wa kuswalia wanafunzi Waislamu, safi, una maji. Mwisho mwalimu mkuu akamtazama mtoto, akauliza, "Ana kilo ngapi?"

Kakangu akamtajia.

"Tutamjaza," mwalimu mkuu alisema, na wote tukacheka.

Dirishani mwa ofisi, mbali nyuma ya mabweni, niliona shimo la mchanga la kurukia. Nyasi zilikuwa zimeota katikati yake. Nilimwona mwanangu naye analitazama. Ningeweza kuuliza. Lakini mtu amekupa chai, amekutolea picha ya ndugu yako ukutani, utaanzaje kumuuliza habari za nyasi? Nikamaliza chai yangu. Kwenye treni ya kurudi nilijaza daftari, na kila mstari ulipata alama nzuri.

Mume wangu alisikiliza yote, kisha akasema, "Sawa. Lakini umeona moja tu. Utajuaje kama ni nzuri kuliko nyengine?" Mwalimu wa darasa alikuwa amenitajia shule moja ya bweni upande wa Kwale, ya mchanganyiko, isiyo na jina kubwa. Siku nne kabla ya ile Ijumaa tulikwenda kutimiza wajibu. Kakangu alituchukua kwa gari lake, tukavuka feri ya Likoni, na mamangu akasema njia nzima kwamba halua ile angempelekea mtu mwengine.

Mwalimu mkuu hakuwepo. Aliitwa mkutanoni. Tulipokewa uwanjani na mwalimu wa michezo, mwanamke mrefu, suruali ya mazoezi, filimbi shingoni, leso kichwani. Hakukuwa na ofisi wala chai. Mamangu alitolewa benchi la darasani chini ya ukuta wa bweni. Mwalimu akapokea halua kwa mikono miwili, akashukuru, akaiweka kwenye benchi, na kabla hatujamaliza kuulizana hali akamgeukia mtoto.

"Ndiye huyu niliyeambiwa na mwalimu wake? Anaruka na mguu gani?"

Tukatazamana. Nilijua ukubwa wa kiatu cha mwanangu. Nilijua kwamba akila kamba hujikuna, na kwamba hulala amekunja mkono wa kulia chini ya shavu. Vyeti vyake vyote vya mashindano ninavyo, ndani ya bahasha. Lakini mashindano hufanywa siku za kazi, nami siku za kazi niko sokoni. Sikuwa nimepata kumwona akiruka.

"Kushoto," mtoto akajibu mwenyewe. Lilikuwa neno lake la kwanza katika shule zote mbili.

"Nani amekufundisha?"

"Natazama kwenye simu ya baba. Halafu tunajaribu kwa fundi seremala, kwenye magunia ya maranda."

Mimi niliyekuwa nikimtoa maranda nywelini mwaka mzima nilidhani anamsaidia fundi kufagia.

"Toa kanzu," mwalimu alisema. "Kuja tuone."

Mamangu alikunja uso kwa ile "kuja" ya kibara, badala ya njoo. Ndani ya kanzu mtoto alikuwa na kaptura na fulana. Tangu asubuhi alikuwa amejitayarisha, na hakuna aliyejua. Pale mbele palikuwa na magodoro ya zamani ya bwenini, yamefungwa pamoja kwa kamba na kufunikwa turubai. Nguzo mbili zilitengenezwa kwa mabomba, misumari imechomekwa upande mmoja kama ngazi, na ufito ulikuwa mrija mrefu wa plastiki. Mwalimu aliupandisha. Mtoto akatikisa kichwa, akaonyesha kwa kidole: juu zaidi. Akaupandisha tena. Kakangu, kwa mzaha, akaenda kusimama kando ya nguzo. Ufito ulimfika ndevuni.

"Ataumia," nilisema.

"Mwache," mwalimu alisema.

Mwanangu alirudi nyuma akihesabu hatua, akaweka ndara moja chini kama alama. Akasimama. Mtoto ambaye nyumbani hawezi kungoja chai ipoe alisimama pale muda mrefu, mikono imelegea, macho kwenye ule mrija, na uso wake ulikuwa wa mtu nisiyemjua. Kisha akaanza kukimbia, si moja kwa moja bali kwa kuzunguka, kama mtu anayepita kona ya barabara. Kila hatua ilikuwa ndefu kuliko iliyotangulia. Mguu wa kushoto ukagonga ardhi, nikausikia, na hapo hapo akageuka akaupa ufito mgongo.

Akapanda. Sina neno jengine. Kichwa kilipita, mabega yakapita, mgongo ukajikunja juu ya ule mrija kama kitambaa kinachoanikwa, na kwa kiasi cha pumzi moja alikuwa amelala angani, uso juu, hakuna kinachomshika. Mwisho akaivuta miguu, akaanguka kwenye magodoro, na vumbi likaruka. Ufito haukutikisika.

Hata wanafunzi waliokuwa wakifua nguo bombani walikuwa wameacha.

"Subhanallah," mamangu akasema. Kisha akashtuka. "Shingo yake! Nyie! Yuwaangukia shingo!"

"Niko mzima, nyanya," mtoto alisema kutoka kwenye magodoro.

Kakangu alikuwa bado amesimama kando ya nguzo, mkono kidevuni. "Hebu arudie," akasema. "Sikuona vizuri."

Alirudia mara sita. Mwalimu alimrekebisha bega, akamsogezea ile ndara hatua moja kando, na jaribio lililofuata lilikuwa jepesi zaidi, hata mimi nililiona. Baadaye nilitoa daftari langu, nikauliza maswali yangu, naye akanijibu bila kuficha. Maji hukatika, wiki nyengine huletwa kwa lori. Zahanati ni chumba kimoja. Matokeo ya mitihani ni ya wastani. Magodoro aliyaomba mwenyewe bweni kwa bweni.

"Raga je?" kakangu akauliza.

"Hapa hakuna. Na hata ingekuwepo, huyu nisingempa. Mtu kama huyu akigongwa akiwa juu mara mbili, tatu, mwili utaogopa. Hataacha ardhi tena."

Tulipanga foleni ya feri. Mamangu ndiye aliyeanza. "Wewe ulicheza miaka minne," alimwambia kakangu, "ukarudi na bega. Hukuruka hata mtaro."

Kakangu alicheka. Baadaye alisema, akitazama mbele, "Dada, kule kwetu watampenda. Watamlisha, watamfanya awe mtu. Lakini akishajaa, lile hatalifanya tena." Nilijua jinsi maneno hayo yalivyomgharimu, kwa sababu alikuwa amekwisha kumnunulia mtoto tai ya ile shule.

Nilimgeukia mtoto nyuma. "Wewe wataka ipi?"

Ilikuwa mara ya kwanza mtu kumuuliza. Alifikiri. "Na yule mwalimu akihamishwa?"

Hilo halikuwa kwenye mistari yangu yoyote. Nilimpigia mwalimu palepale, kwenye foleni, nikamwekea mtoto sauti asikie.

"Mama, naweza kuhamishwa hata kesho," alisema. "Siwezi kukudanganya. Lakini nikipata muhula mmoja na yeye, nitamfundisha kujiona makosa yake mwenyewe. Hiyo hawezi kunyang'anywa."

Mtoto aliegemea kiti. Nilimuuliza, kwa sababu nilitaka tu kujua, pale juu huona nini.

"Hakuna kitu, mama," alisema. "Kunakuwa kimya."

Usiku nilimpigia mume wangu zamuni, nikataka kumweleza, na mimi niliyezoea kuhesabu mambo moja baada ya jengine nilijikuta nachanganya. Nyuma yake nilisikia honi za kreni. "Nambie tu uliona nini," akasema.

"Amepita juu ya ndevu za kakangu. Mgongo chini, uso juu."

"Andika hiyo," akasema.

Ijumaa niliacha meza yangu kwa jirani, nikaenda shuleni na mtoto. Mwalimu wa darasa alifungua kompyuta, akatazama karatasi yetu, akavua miwani. "Mama, hii umeiweka ya kwanza? Si ulinambia ile ya bara? Watoto wa hapa wanaoweza kuipata ile ni wachache, na huyu ana alama za kuipata."

"Najua."

"Una hakika?"

Sikuwa na hakika. Nilifikiria maji yanayokatika, na mwalimu mmoja anayeweza kuondoka wakati wowote. Nilifikiria majani yale mabichi na vijana wale wanaoamkia kwa sauti moja. Nikasema nina hakika. Aliandika nambari ya shule taratibu, akaisoma kwa sauti, mtoto akaifuata kwa midomo, kisha mwalimu akabonyeza. Nilikuwa nimemshika mwanangu kifundo cha mkono, jambo asilolikubali tena mbele ya wenzake, na mshipa ulikuwa ukigonga kwa nguvu chini ya vidole vyangu. Hakuuvuta mkono wake.