Tarehe Iliyo Juu ya Ukurasa

Kwetu kusini, gazeti la leo lilikuwa gazeti lililofika leo. Lilichapwa Dar es Salaam, likapakiwa kwenye basi pamoja na vifurushi vya watu, na kama barabara ilikuwa na huruma, tulilipata Lindi kesho yake. Masika liliweza kukaa njiani juma zima. Muuzaji alilitandaza pale stendi akanadi, "Gazeti la leo hilo," na hakuna aliyemcheka. Tulisoma vichwa vya habari, halafu michezo. Tarehe iliyo juu ya ukurasa tuliipita tu, maana ingetusaidia nini zaidi ya kutukumbusha tunakoishi?

Nilianza uandishi wakati magazeti ya watu binafsi yalipoota kama uyoga. Kila mwenye mtaji alitaka gazeti lake, na kila gazeti lilitaka mtu wake mikoani. Mimi nilikuwa mtu wa Lindi. Habari nilizituma kwa faksi ya posta, na faksi ikigoma nilimkabidhi dereva wa basi bahasha. Niliandika korosho, mafuriko, tembo walioingia mashambani. Jina langu lilitoka chini ya kichwa cha habari, na mjomba wangu kule Milola, ambaye hakusoma shule, alilijua jina hilo kwa umbo lake. Alikuwa akiliwekea kidole na kuwaonyesha wageni.

Kurasa zikishasomwa zilifungiwa vitumbua au zilibandikwa kwenye kuta za maduka kuziba nyufa. Hilo halikuniudhi. Kilichoniudhi kilikuja na simu za kupangusa. Habari ikawa inafika Milola kabla sijavaa viatu. Mhariri akaanza kunijibu kwa mkato, kisha akaacha kujibu. Gazeti lenyewe likaacha kuchapwa, likabaki la mtandaoni, linaandikwa na vijana wasioijua hata njia panda ya Mingoyo. Nilikasirika, sikatai. Lakini hasira hasara. Nikafungua duka la madaftari.

Mwaka mmoja wa mvua nyingi, mama mkubwa akafariki huko Milola, jioni. Mwanawe wa pekee, dada yangu, alikuwa Dar es Salaam, akasema atapanda basi la alfajiri. Kwetu maiti hacheleweshwi. Dada aliomba jambo moja tu, auone uso wa mama yake kabla hajazikwa. Mjomba, ndugu wa marehemu na mkubwa wa msiba, akakubali: atangojwa mpaka alasiri. Mimi nikabaki stendi ya Lindi kumpokea.

Basi lilichelewa kidogo, likafika salama. Dada alishuka simu yake imeisha chaji, na neno lake la kwanza likawa, "Wananingoja?"

Nikamwambia wanangoja. Tulikodi gari. Njiani hakulia, alikuwa akifungua kanga na kuifunga upya, na kuniuliza kama alasiri imeshaadhiniwa. Ilikuwa bado.

Tulipofika Milola tuliwakuta wanaume wananawa mikono. Majembe yameegemezwa ukutani, udongo mbichi bado umeyashika. Dada aliyatazama majembe, akakaa chini palepale. Wanawake wakamzunguka.

"Shikamoo, mjomba," nikasema.

"Marahaba, mjomba." Alikuwa ananishangaa. "Mmepitia wapi? Barabara si imekatika?"

Jirani mmoja akanipa simu yake. Palikuwa na picha ya ukurasa wa gazeti: barabara ya kusini haipitiki, mabasi yamekwama. Chini yake, jina langu. Habari ile niliijua. Niliiandika nikiwa bado na nywele nyeusi. Baadaye nilikuja kuambiwa kwamba mtu wa Kitomanga aliupiga picha ukurasa huo kwenye ukuta wa duka, akautuma kwenye kundi la watu wa nyumbani kukumbushana mvua za zamani. Waliopokea wakautuma kwa wengine, maelezo yake yakaachwa nyuma. Ulifika Milola kabla ya adhuhuri. Tarehe ilikuwa pale juu, inasomeka vizuri kabisa. Hakuna aliyeitazama, na sikuweza kuwalaumu, kwa kuwa mimi pia nililelewa hivyo.

"Mngenipigia," nikasema. "Asubuhi nzima simu nilikuwa nayo mkononi."

"Tukupigie tukuulize nini, mjomba?" Hakuwa akibishana. Aliweka kidole juu ya jina langu, kama zamani. "Ulikwisha kutuambia. Ingekuwa ya mtu mwingine, tungengoja."

Niliumia. Nimewahi kusifiwa mara chache katika kazi ile, na sijapata sifa nyingine iliyoniuma kiasi hicho.

Dada alikuwa amesikia. Akaomba simu, akaisoma habari yote polepole mpaka mwisho, akamrudishia jirani. Kisha akaniuliza kama siku ile nilipoiandika barabara ilikuwa imekatika kweli.

"Kweli," nikamwambia.

Akaitikia kwa kichwa, akaomba aonyeshwe kaburi lilipo.