Aika Hakuwa Mchawi wa Benki

Siamini bado, na sitaki kuamini. Lakini kabla sijalia mbele yenu, kuna jambo sijamwambia mtu, hata mama: siku ile, kwenye mlango wa wageni, Aika hakuwa peke yake. Mimi ndiye niliyeshika karatasi. Yeye alipiga msumari.

Mnanijua. Mimi ni yule wa kwaya anayesimama nyuma ya wenzake na kufungua mdomo bila sauti. Form Four nimemaliza juzi tu, na nikiwaamkia wazee shikamoo yangu hawaisikii. Ndiyo maana naandika hapa kwenye gazeti letu la ukutani la vijana, ambako hakuna anayenitazama usoni.

Tulikuwa marafiki tangu darasa la kwanza. Tukipanda kutoka mtoni, kifua chake kilipiga filimbi. "Sikiliza redio yangu," alikuwa akisema. "Leo imeshika stesheni gani?"

Redio ya kweli, ya baba yake, ndiyo iliyomwambia kwamba mabenki makubwa ya dunia hayatakopesha nchi yetu mpaka tukubali marekebisho yao. Akaizima. "Wanatutengeneza sisi. Nani anawatengeneza wao?"

Alipenda maneno ya ofisini, jamani! Vijana sita tuliokaa juu ya magunia kwenye stoo ya kahawa, yeye alituita "delegation", yaani ujumbe rasmi. Nikichelewa: "Dada, delegation haijatimia. Kaa, tuna ajenda."

Ajenda ilikuwa moja tu. Wakubwa hao wanapoandika masharti yao, mkulima na mgonjwa wawe na kiti mezani. "Sitaki kiti kikubwa. Hata kigoda. Wakitaka kukata fungu la hospitali, wakate huku wananisikia nikipumua."

Tulicheka. Yeye hakucheka. Dawa yake ya pumu ilikuwa imeadimika Moshi nzima, na kila tulikokwenda jibu lilikuwa lile lile: fedha za kigeni hakuna.

Kisha tukasikia wageni wa benki wanakuja, watalala hotelini mjini. Tukaenda huko hotelini kuomba kuonana nao, hata kidogo. Bwana wa mapokezi, mtu aliyehamia Moshi kikazi, alitutazama miguuni kwanza. "Ninyi wa migombani mkamwambie nini Mzungu wa benki? Mtamfundisha kumenya ndizi?"

Njiani kurudi Aika akakumbuka darasa la Kipaimara. Tulifundishwa habari za mtawa wa Ujerumani aliyepigilia hoja zake kwenye mlango wa kanisa, na kila mwaka tunaiimbia Sikukuu ya Matengenezo. "Kama Kanisa zima lilitengenezwa kwa msumari," akasema, "benki ni nini?"

Akaandika kwa herufi kubwa: TUNATAKA KUWATENGENEZA WENYE BENKI. Hoja zetu zikafuata chini yake, kwa herufi ndogo.

Halafu akachuma jani la isale mpakani mwa kihamba chao, shamba la migomba la ukoo, akalifunga fundo. Hapa Mwika hakuna asiyelijua. Ukimpelekea mtu isale, hata kama mligombana mkamwaga damu, akilipokea amekubali kukusikiliza.

Tulishuka tena mjini na lori la ndizi. Alipigilia karatasi kwenye mlango wa hoteli kwa jiwe, akaning'iniza jani kwenye msumari, akaniambia, "Nenda ukatushikie nafasi kwenye lori." Nadhani yeye aliona kitasa kikizunguka. Mimi sikukiona.

Nikiwa ng'ambo ya barabara nikasikia yule bwana akipiga kelele. Alikuwa amesoma mstari wa kwanza tu. Kwake yeye kumtengeneza mtu ni kumroga, na jani lenye fundo likawa ushahidi. "Mchawi! Umekuja kuwatengeneza wageni wa serikali?"

"Ni matengenezo, mzee wangu," Aika alisema. "Kama ya Kanisa."

"Na hili jani nalo ni la Kanisa?"

Mgeni mmoja akatoka, akaliona jani, akalipenda. Akalichomeka kwenye koti lake, akapigwa picha anatabasamu. Karatasi ilipelekwa jikoni kuwashia mkaa.

Aika walimkalisha uani, kwenye manyunyu, mpaka jioni, akimsubiri mtu wa kumhoji. Mtu huyo hakuja. Wakamwambia, "Nenda, umetuchosha."

Alifika nyumbani amelowa, na ile redio kifuani haikuzimika tena. Muuguzi wa zahanati alikuwa mkweli: "Mwanangu, dawa yenyewe iliisha tangu Kwaresima. Mpeni chai ya moto, mkae naye."

Tulikaa naye. Chai ilipoa.

Na msibani nikawasikia. "Alikwenda kuroga benki, uchawi umemrudia." Mwingine akaongeza, "Benki ina kinga, bwana!" Mkacheka. Mlicheka mmekalia mabenchi ya baba yake, mnakula ndizi zao, na mama yake yuko nyuma ya mlango anasikia kila neno.

Ninyi mliopanda isale kwenye mipaka yenu. Ninyi mnaoimba Matengenezo kila mwaka. Hata mmoja hakusema, "Jamani, huyu mtoto alikwenda kuomba kusikilizwa."

Basi nasema mimi, nisiye na sauti.

Aika, pumua sasa. Pumzika huko ambako hakuna mtu wa kukuuliza kama dawa imefika. Jina lako kwa Kichagga ni asante, na katika miaka yote nililitumia kukuita tu. Leo nalitumia kwa maana yake: aika, Aika. Lala, mwenzangu.

Na ninyi mliofika mpaka mstari huu: wageni wale wanarudi baada ya mavuno ya kahawa. Yule wa koti alipokea isale kwa mkono wake mwenyewe, kwa hiyo amekubali kusikiliza, ajue asijue. Karatasi nimeshaiandika upya, kwa neno lile lile. Msumari ninao. Jiwe nitaokota huko huko.

Mkimaliza kusoma, ibandueni hii ukutani. Msimwambie mtu. Mama yangu hasa, msimwambie.