Pazia la Chumba Namba Nane

"Mama Pazia, mwenye nyumba wenu kawafukuza tena?"

Jirani aliuliza hivyo akiwa bombani na ndoo yake, macho kwenye godoro. Mama Pazia alilishika upande mmoja, mumewe upande wa pili, nalo limekwama mlangoni mwa chumba namba tano. Ilikuwa mara ya nne jirani huyo kuwaona wakihama ndani ya ua uleule.

"Katufukuza," akajibu Mama Pazia, wala hakusema uongo. Mwenye nyumba ndiye huyo aliyeshika upande wa pili.

"Pole, dada yangu. Watu wengine hawana utu."

"Ndiyo hivyo. Tumwombee."

Mumewe akaitikia amina, akasukuma godoro.

Mambo haya yalianza mbali. Mume, ambaye watu walimwita Bwana Stoo, alikuwa mtunza stoo wa hospitali. Alipokuwa na miaka thelathini na mmoja, mkubwa wake alistaafu. Mzee wa watu akapewa hotuba mbili na saa ya ukutani. Wiki ya tatu wakamzika, na saa bado iko ndani ya boksi lake.

Siku hiyo Bwana Stoo alirudi kutoka makaburini, akaketi kitandani bila kuvua viatu.

"Mke wangu, mimi saa ile siitaki."

"Sasa utafanyaje?"

"Nikifika hamsini naacha kazi. Na wewe unaacha cherehani. Tujenge vyumba vinane. Saba vitulishe, kimoja tulale."

Mama Pazia akakubali kwa sharti moja: hicho kimoja kiwe na dirisha kubwa, upande jua linakochomoza. Tangu usichana wake alikuwa akishona mapazia ya madirisha ya watu, na chumba walichopanga wakati huo kilikuwa na tundu ambalo hata paka angepita kwa kujibana. Wiki ileile alikata kitambaa cha buluu chenye maua meupe, akashona pazia, akalilaza chini kabisa ya sanduku.

Likalala humo miaka kumi na tisa.

Katika miaka hiyo Bwana Stoo alijulikana kwa mkono wa birika. Kazini alikwenda kwa miguu, kwa viatu vilevile, hadi fundi viatu akamwambia, "Baba, hapa sioni kiatu. Naona viraka vimeshikana mikono." Binti yao wa pekee alikua akijua kwamba soda ni kitu cha harusi za watu. Kila chumba kilipokwisha, walihamia wao kwanza, wakakikausha kwa pumzi zao. Akitokea mpangaji, godoro juu. Mama Pazia alikunja vyombo mara saba bila kuinua sauti, maana kila walipohama alijua vyumba vya kufikia dirisha lake vimepungua kimoja.

Kwa neema ya Mungu, chumba namba nane kikaisha mwezi uleule Bwana Stoo alipotimiza hamsini. Akaandika barua ya kuacha kazi. Siku ya kuagwa, wenzake wakampa saa ya ukutani. Aliipokea kwa mikono miwili, akashukuru, akaiuza njiani.

Siku hiyohiyo Mama Pazia alipeleka pazia la mteja wake wa mwisho, akarudi, akaifunika cherehani kwa shuka. Akatoa pazia lake sandukuni, akalipiga pasi, akavuka ua akiwa amelilaza mkononi kama mtoto mchanga.

Dirishani mwa chumba namba nane kulikuwa na pazia la manjano. Ndani, muuguzi mmoja alikuwa akipanga sufuria.

"Karibu, mama! Wewe ndiye mshonaji? Mwenye nyumba amesema utanipunguzia hili pindo."

Mama Pazia akampunguzia pindo. Kisha akamfuata mumewe barazani.

"Baba."

"Naam."

"Umefanya nini?"

"Amekuja na kodi ya miezi sita mkononi, na chumba kilikuwa kit..." Bwana Stoo akaliona pazia la buluu mkononi mwa mkewe. Mtu aliyezoea kutoa vitu stoo miaka yote hiyo haoni rafu wala chumba. Anaona kitu kimekaa bure. "Kilikuwa kitupu, mama," akamalizia polepole. "Nimwondoe?"

"Umtoe mtoto wa watu siku uliyompokea? Mwache."

Chumba namba saba nacho kilikwisha kupata mpangaji, basi wakaanza kustaafu kwenye banda la kuwekea saruji pale uani, pamoja na mifuko mitatu iliyobaki na toroli moja. Bwana Stoo alilala vizuri sana. Ilikuwa stoo.

Binti yao, ambaye sasa ni mwalimu, alikuja kuwasalimu akasimama mlangoni.

"Baba, mmestaafu au mmejificha?"

"Tumestaafu. Sogeza toroli upite."

Mama Pazia hakununa. Alisali, na baada ya kusali akawaza. Mumewe hakuwa na roho mbaya, hilo alilijua. Lakini katika miaka yote hiyo hajawahi kumhamisha mpangaji hata mmoja anayelipa. Aliyehamishwa ni mke. Kumbe kosa lake yeye mke lilikuwa hilo: hakuwahi kupanga chumba kwa mumewe.

Miezi sita ilipoisha, muuguzi akapata uhamisho. Hata kabla hajafunga mizigo, mkono wa Bwana Stoo ulikuwa umekwisha kuandika kwa chaki getini: CHUMBA KIPO. Asubuhi ya Jumanne akaketi barazani na daftari lake kungoja watu.

Wa kwanza kufika alivaa gauni la ibada. Mkononi ana bahasha ya akiba yake ya mapazia, kwapani ana kitambaa cha buluu chenye maua meupe.

"Shikamoo, mwenye nyumba."

"Marahaba," akaitikia Bwana Stoo kabla hajainua uso. Akauinua. "Mama, gauni la ibada Jumanne?"

Mama Pazia akaweka bahasha juu ya daftari. Hakuketi, kwa sababu wapangaji wapya huwa hawaketi.

"Naomba chumba namba nane," akasema. "Tuko wawili, mimi na mume wangu. Hatupigi redio, hatufugi mbwa, na pazia tunalo. Kodi ya miezi sita hiyo hapo. Naomba uniandikie mkataba, na uandike kwamba hatuhamishwi."