Barua za Candida Zisizofanana

Saa mbili asubuhi, na mtaa wa vifaa vya ujenzi hapa Kariakoo ndiyo kwanza unafungua milango. Candida Mbunda ameketi juu ya boksi la vigae, daftari mapajani. Mbele yake amesimama Hashil, muuza misumari wa jumla, mtu ambaye kwenye bei hakosi la kusema, lakini leo maneno yamemkimbia.

"Andika tu kwamba tunapinga," anasema Hashil.

"Hilo wameshalisikia. Wewe nyumba yako uliijengaje?"

Hashil anajikuna kichwa. Kisha anasimulia alivyokopa akapandisha ukuta, akakaa miaka miwili bila paa, akakopa tena. Candida anaandika anavyoambiwa, anamsomea, naye anatia saini. Hiyo ni barua ya sitini na moja.

Candida, mwenye miaka 48, ameuza vigae katika duka la Mzee Rajnikant kwa miaka kumi na tisa. Ni katibu pia wa umoja wa wauza vifaa na mafundi wa mtaa huu, cheo kisicho na mshahara ila lawama zake ni za kutosha.

Wanachopinga ni rasimu ya kanuni ya mikopo ya nyumba. Ikipita, benki hazitaruhusiwa kumkopesha mtu ambaye mshahara wake haujapitia akaunti kwa miaka mitatu mfululizo. Kwa Kariakoo, mtu wa namna hiyo utamtafuta kwa tochi. Candida mwenyewe hulipwa mkononi kila Jumamosi. Mwezi mzuri hupata laki sita, mwezi mbaya laki tatu na nusu.

"Wateja wetu wasipokopeshwa hawajengi," anasema. "Wasipojenga, hivi vigae nitamuuzia nani?"

Wananchi walipewa siku thelathini kutoa maoni kwa maandishi. Candida akafanya kama Kariakoo inavyofanya kila kitu, yaani kwa jumla. Aliandika barua moja nzuri, akatoa nakala themanini, wanachama wakatia saini, akazipeleka mwenyewe ndani ya boksi.

Karani wa mapokezi wa ofisi inayoandaa kanuni hiyo alizipekua, kisha akamwambia kwa upole kwamba barua zinazofanana neno kwa neno huhesabiwa kuwa maoni ya mtu mmoja.

"Nilijiona mjinga," anasema Candida bila kuona haya. "Nilirudi hadi dukani kwa miguu, nikaingia stoo nikalia."

Zilikuwa zimebaki siku tisa. Mzee Rajnikant, ambaye ndiye mwenyekiti wa umoja, alitaka yaishe.

"Nilimwambia, tumejaribu, basi," anakumbuka mzee huyo. "Akaniomba masaa mawili kila asubuhi, kabla wateja hawajajaa, amwandikie kila mtu barua yake. Nikampa. Sasa nasikia habari za watu niliofanya nao biashara miaka thelathini, kumbe hata nyumba zao nilikuwa sizijui."

Kazi haikuwa nyepesi. Wengi hapa hesabu zao ziko kichwani na kalamu hawaipendi. Wapo waliomwomba awatungie, akakataa. Akitunga yeye, anasema, watarudi kulekule kwenye barua moja.

Lakini kuna jambo ambalo Candida hakuwaambia wanachama. Marehemu baba yake aliacha nyumba ya vyumba sita Ilala, anamoishi Candida na mama yake. Warithi kwa wosia wake ni wawili, Candida na mdogo wake Beno, fundi seremala na mwanachama wa umoja huohuo. Beno anataka sehemu yake afungue karakana. Walikubaliana Candida akope, amlipe milioni kumi na nane ifikapo Desemba. Akishindwa, nyumba iuzwe. Benki imeshamkubalia, kwa barua ya mwajiri na kumbukumbu zake za akiba, ila fedha hazijatoka. Kanuni ikiwahi kupita kabla hazijatoka, ombi lake linafutwa.

"Ningesema, wangeona katibu anapigania la kwake," anasema. "Naogopa, sikufichi. Mama ana miaka sabini na sita. Nimwambie afungashe aende wapi?"

Tangu Pasaka, yeye na Beno walikuwa wanasalimiana tu.

Leo ndiyo siku ya mwisho. Saa nne kasoro robo anaingia dukani mwanamume mwenye vumbi la mbao hadi kwenye nyusi.

"Shikamoo dada."

"Marahaba, Beno."

"Nimekuja kuandikisha."

Candida anafungua ukurasa mpya. Beno anaanza polepole.

"Mimi naitwa Beno Mbunda, fundi seremala. Nina dada yangu, hela yake haipitii benki. Lakini tangu baba afariki, mama hajalala njaa hata siku moja. Kama huyo hakopesheki, sijui mtamkopesha nani."

Kalamu imesimama.

"Andika, dada. Weka na hili: hata wakimnyima, mimi namsubiri. Desemba nyumba haiuzwi."

Anaandika mpaka mwisho. Anapojaribu kumsomea, sauti inamkatika mstari wa pili. Beno anaichukua karatasi, anajisomea mwenyewe mbele ya Mzee Rajnikant na Hashil, aliyebaki kuwasikiliza wenzake, anatia saini na kurudi kazini kwake.

Mzee Rajnikant anamuuliza katibu wake kama na yeye ameandika. Hajaandika. Anaandika sasa, ukurasa mmoja na nusu, na nyumba ya Ilala imo.

Saa tisa alasiri karani yuleyule anazipokea na kuzihesabu moja moja. Ni sitini na saba. Anasema majibu yanaweza kuchukua miezi mitatu.

"Watakalojibu silijui," anasema Candida akitoka nje. "Benki ikinikopesha, namlipa mdogo wangu zote. Ikininyima, nitamlipa kidogo kidogo hata iwe miaka kumi. Leo nikifika nyumbani nitamwambia mama apande ile michicha yake. Alikuwa ameacha, anasema hajui nani ataivuna."