Kidari Changu Kwenye Friji ya Mama Mkwe

Mama mkwe wangu anaipenda friji yake kuliko anavyonipenda mimi, na sisemi kwa utani. Tangu mume wangu amnunulie na kumpelekea nyumbani Bungoma, kila akichinja kuku hutuwekea fungu letu sisi tunaoishi Kitale: paja na firigisi ya mwanawe, kidari changu mimi. Zamani fungu la aliye mbali lilikaa jikoni, likichemshwa kila siku mpaka mwenyewe afike. Siku hizi linatiwa friji na kusahauliwa, matumbo mabichi yakilidondoshea damu kutoka rafu ya juu, stima ikipotea na kurudi. Kwake yeye, kilichoingia friji hakiharibiki.

Mimba yangu ya kwanza ilitoka ikiwa na miezi sita. Daktari alisema damu yangu imekutwa na bakteria wa chakula, wale ambao baridi ya friji haiwaui. Huendelea kuzaana humo polepole, na dawa yao ni moto. Akauliza nilikula nini cha baridi. Mume wangu akatazama viatu vyake. Huku nyuma mama yake akawatangazia majirani kwamba tumbo langu halishiki watoto, na bado mwanawe akanyamaza. Nilimchukia yule mama. Mwanawe naye nilimchukia, siku nyingine zaidi.

Mwaka jana tulienda tena Bungoma, nikiwa mjamzito. Akaniwekea kidari mbele yangu, mchuzi umeganda mweupe. Nikainuka nacho kwenda jikoni.

"Unapeleka wapi?"

"Nakichemsha, mama. Mpaka kitokote."

"Ati uchemshe? Si nilipika mwenyewe! Chakula yangu iko na sumu?"

"Kliniki wamenikataza vya friji visivyochemshwa."

"Kliniki gani, bana! Hiyo ni maringo tu. Ile mimba ya kwanza si ulikula hapa hapa, hivyo hivyo baridi, ukalamba mpaka mfupa?"

Nilimgeukia mume wangu, aliyekuwa na paja lake mkononi, nikamwachia yeye ajibu. Mimi nilikuwa nimeshasema vya kutosha katika nyumba ile.

Akalirudisha paja kwenye sahani.

"Alikula, mama," akasema. "Na hiyo ndiyo iliua mtoto wetu."

Mama mkwe akaketi. Mimi nikaenda kuwasha jiko.