Siku Bibi Alipopanda Kilima Kuangalia Ufipa

Mchele mpya ukianza kutokota jikoni kwangu hapa Mpanda, harufu yake hunirudisha kijijini Mamba, kwa babu na bibi walionilea, mwaka ule bibi alipotoka kutolewa mtoto wa jicho. Mpunga ulikuwa umeshavunwa, majaruba yamekauka, na kijiji kizima kilinukia makapi.

Ngoja niwaambie hali ilivyokuwa kabla. Kwa misimu kadhaa bibi alikuwa haoni zaidi ya vivuli. Alitembea ameshika bega langu, nami nikauzoea uzito wa mkono wake kama wenzangu walivyozoea mifuko ya shule. Kwa utani aliniita mke mwenza. "Haya, mke mwenza," angeuliza asubuhi, "leo milima ipo?" Alikuwa na maana ya milima ya Ufipa, ng'ambo ya Ziwa Rukwa, alikozaliwa. Nyuma ya nyumba yetu kulikuwa na kilima kifupi tu, na ukifika juu unaiona yote.

Basi babu alipomrudisha kwa basi kutoka Mpanda, kesho yake bibi alivaa kandambili, akatangaza kwamba anapanda kilimani kuhakikisha madaktari hawakumdanganya. Babu, ambaye goti lilimsumbua, alisema atabaki chini.

"Ila mimi siamini mpaka nipate ushahidi," akaongeza. "Ukifika juu, angalia hapa kwenye majaruba. Nitapunga kitu. Ukikitaja, nitakubali umepona."

"Wewe punga tu," bibi akamjibu. "Nitataja mpaka vifungo vya shati lako."

Tulipanda polepole, mkono wake ukiwa begani kwangu kama kawaida. Panzi waliruka mbele yetu. Bibi alisimama kwa kila kitu: mjusi, ua la porini, hata kandambili zake mwenyewe, ambazo alizikuta zina rangi mbili tofauti na akanilaumu kwa kutomwambia. Mimi nilicheka, lakini kimoyomoyo niliogopa. Je, akifika juu asiione milima yake?

Juu kulikuwa na upepo. Ziwa lilimetameta kwa mbali, na nyuma yake milima ya Ufipa ilisimama ya bluu, mmoja nyuma ya mwingine. Bibi aliitazama mmoja mmoja. 

"Kuna moshi kule," alisema mwishowe. "Chini ya ule mlima mrefu. Watu wanachoma mashamba."

Mimi moshi sikuwa nimeuona. Nilikaza macho mpaka nikaupata, mwembamba kama uzi, na hapo nikaanza kurukaruka na kupiga kelele.

"Bibi, na babu huyo kule, anapunga!"

"Mwache apunge kidogo," alisema, macho bado Ufipa. Kisha akageuka. "Ni kitenge. Cha njano, kina maua mekundu." Uso ukabadilika. "Mbona mimi sina kitenge cha njano? Cha nani kile?"

Sijawahi kuona mtu wa umri ule akishuka kilima namna ile. Mkono uliniondoka begani. Aliruka mawe, akakwepa miiba, akinung'unika kwa Kifipa, nami nikawa wa kumkimbilia nyuma.

"Mzee! Kitenge cha nani hicho?" alifoka kabla hata hajafika.

Babu alikuwa ameshakaa chini kwenye majani ya mpunga, anacheka mpaka machozi yanamtoka. "Cha mke wangu," alisema. "Nilikinunua sokoni Mpanda wakati wewe umefungwa bandeji."

Bibi alijitahidi kuendelea kununa, akashindwa. Jioni ile ile alikivaa.

Kwa miaka mingi niliisimulia habari hii kama kichekesho cha wivu wa wazee. Sasa nami nina mume, na ninachokumbuka zaidi ni babu amesimama juani na goti lake bovu, mikono juu, muda wote ule. Katika misimu ile ya giza, alipomsemesha bibi, bibi alimgeuzia uso, lakini macho yaliishia pembeni kidogo, ukutani. Habari ya ushahidi ilikuwa kisingizio tu. Mzee yule alikuwa na hamu ya kuangaliwa tena na mke wake.