Kebo ya Mama Kokushubira

Siku ya kwanza kazini sikupewa bisibisi wala koleo. Nilipewa jembe. Nilikuwa nimevaa shati jeupe la kanisani, mama yangu kule Muleba amelinyoosha kwa pasi ya mkaa, nikafika karakana ya Bukoba nikiota kupanda nguzo watu wanione. Fomeni akanitazama toka viatuni mpaka kwenye kola.

"Kijana, umeme wa juu hata kunguru anaujua," akasema. "Wewe utaanza na wa chini. Chimba."

Nikachimba. Shati lile halikurudi kuwa jeupe tena.

Sasa nyinyi vijana mnaojiita mafundi kwa sababu mna tochi ya simu na utepe mweusi mfukoni, nisikilizeni kidogo, kisha mtaendelea kuunganisha nyaya kwa meno. Kebo ya ardhini imevishwa ngao ya nyuzi za chuma, ili jembe likiigusa isikatike upesi. Mtaro wake unashuka kupita goti la mtu mzima. Chini unatandika mchanga laini, kisha unailaza kebo, na Fomeni alitaka tuilaze kama mtoto aliyekwisha sinzia, bila kuivuta wala kuitupa. Unaifunika mchanga tena, juu yake utepe wa njano wa tahadhari, ndipo udongo. Na mwishoni unaacha mzunguko wa akiba, yaani kebo ya ziada unaikunja na kuizika palepale.

"Ardhi inasogea," Fomeni alikuwa akisema, "na watu wanasogea. Achieni akiba."

Kutoka Bukoba nilipelekwa Muleba, chini ya Msimamizi wa Njia asiyependa maneno. Ukimuuliza jambo anakuonyesha kwa kidole. Halafu Kayanga, halafu Kyerwa, mpaka kule Murongo ambako ukiinua macho unaiona Uganda. Injinia wa Wilaya alikuwa mkali wa alama. Juu ya kila mtaro alitaka vigingi vya zege, ili mtu ajue chini kuna kebo. Tukavisimika. Tukirudi baada ya mavuno tunavikuta jikoni kwa watu, vimekuwa mafiga! Injinia alilalamika mpaka akachoka. Miaka ile inanijia sasa kama asubuhi za ukungu pale Kayanga, kilele cha mlima nakiona vizuri lakini barabara ya kufikia siioni.

Nikastaafu. Nikabaki na leseni yangu ya ukandarasi na kazi ndogondogo, na katika hizo ndogo ndimo ilimokuja ile ninayoiota mpaka leo.

Mama Kokushubira wa Bugene, mjane, alinituma mtu wa bodaboda. Nilipofika nikaona katikati ya migomba kitu sijapata kukiona. Gari refu jeupe lenye mapazia! Ndani lina kitanda, jiko, friji na beseni la kunawia. Lilikuwa la Projestus, mwanawe mdogo, aliyefanya kazi nje miaka mingi na kurudi nalo akiliendesha mwenyewe. Alilala humo. Nyumbani kwa mama yake aliingia kula tu.

"Shikamoo mzee," alinisalimia kutoka mlangoni pa gari. Kijana mpole, macho ya mtu wa safari.

"Marahaba. Mbona hulali ndani?"

"Nyumba ninayo, mzee. Ina matairi."

Mama yake akanivuta pembeni, penye matandazo. Mumewe alifariki, akaniambia, na ukoo ukamsimika Deogratias, mtoto mkubwa, kuwa mrithi. Deogratias alijenga upande wa juu wa kibanja hichohicho, shamba la migomba la baba yao, na ana duka Kayanga. Projestus hakuwepo, na hakuna aliyemwonyesha kipande chake. Naye si mtu wa kuomba. Alikuwa amekwisha sema kwamba Jumatatu anavuka Murongo aendelee na safari.

"Umeme anaupata kwa ule waya, unapita dirishani kwangu," akasema. "Kila jioni nautazama. Siku akiukunja na kuuzungusha mkononi tu, fundi, amekwenda, na mimi sitamwona tena. Nataka umeme usiozungushwa."

Nikamweleza kwamba hata kebo ya ardhini itaishia kwenye kiguzo chenye soketi, na gari litachomekwa na kuchomolewa. Akasema, "Wewe zika tu."

Basi nikazika. Nilipita mbali na makaburi ya familia, kwa hiyo mtaro haukunyooka. Ulitoka kwenye mita, ukazunguka migomba ya matoke, ukashuka hadi kwenye uwanja wa nyasi lilipoegeshwa gari. Nilitaka breka inayojikata yenyewe umeme ukivuja, na nondo ya shaba iliyopigwa ardhini mpaka ikaishilia. Gari limekaa juu ya mpira, vijana. Bati lake likipata umeme nalo halina njia ya kuuteremsha ardhini, wa kwanza kushika mlango akiwa pekupeku kwenye umande ndiye anayekuwa njia. Projestus alichimba na mimi, akivua shati. Mwanga ulikuwa unachujika kwenye majani, wa kijani. Sijawahi kufanya kazi nikiwa na raha ya namna ile.

Mwishoni Mama Kokushubira akauliza ile kebo iliyokunjwa ni ya nini. Nikamwambia ni akiba.

"Inafika wapi?"

"Inafika pale penye tambarare, nyuma ya gari, ukitaka."

"Ongeza kidogo," akasema. Nikaongeza.

Mtaro ulipofukiwa nikasema panahitaji alama. Akacheka. "Zege itaibiwa. Alama nitaweka mimi." Akaja na vipande vya mulamula, ule mti mwembamba wenye majani marefu, akanipa nishike. Jirani yake, mzee Kalisti, alikuwa amekaa na kibuyu cha rubisi, pombe yetu ya ndizi, anatazama. Mama akapanda kimoja kimoja juu ya mtaro wote, nami nikimpa huku nikijisifu moyoni kwamba hatimaye tumepata alama isiyogeuka figa. Mimi ni mtu wa Muleba! Nimezaliwa ndani ya mulamula! Lakini akili yangu yote siku ile ilikuwa kwenye kebo.

Asubuhi nilirudi na mega, kipimo kinachokuonyesha kama ngozi ya kebo inavuja, ili nikipima niwashe. Nikamkuta Deogratias amesimama juu ya mtaro, pikipiki imeangushwa nyuma yake.

"Nani amegawa kibanja?" alikuwa anafoka. "Mama, nani amepanda mpaka hapa?"

Jamani! Ndipo nikauona kwa macho ya mtu wa Kagera. Mulamula haupandwi kwa urembo. Ule ulikuwa mpaka, tena mzuri, umekata kona ya chini ya kibanja kuanzia migomba mpaka uwanja wa gari.

"Mimi," akasema Mama.

"Mbele ya shahidi gani?"

"Kalisti aliona. Na fundi huyu alinishikia miti."

Deogratias akanigeukia. Nikasema, "Ni kweli nilishika," maana ningesema nini?

Akainama, akashika mulamula wa kwanza kwa mikono miwili. Mama hakupaza sauti.

"Ng'oa," akasema. "Mimi nipo hapa, nakutazama. Baba yenu aliniambia kona hii ni ya mdogo wako. Uliniuliza lini?"

Hakuna mtu kwetu anayeng'oa mulamula mzazi wake akiwa amesimama mbele yake. Mikono ikabaki pale pale. Projestus alikuwa ameshuka garini, kikombe cha chai mkononi.

"Kaka, acha tu. Mimi naondoka Jumatatu."

"Nani amekufukuza?" Deogratias akasema. Akauachia mti, akakaa chini kwenye umande na suruali yake ya dukani. "Nani amekufukuza, wewe? Mngeniambia tu."

Mama akanitazama. "Fundi, washa."

Nikapima, kebo ilikuwa safi. Nikawasha. Dirishani mwa gari taa ikawaka, hafifu, mchana kweupe.

Jumatatu ilipita. Misimu ya senene ikapita. Siku hizi usingizi wangu ni mwepesi, na nikisinzia mchana naona mitaro yote niliyochimba imelala chini ya mashamba, na umeme unatembea ndani yake kimya. Watu wananiuliza kama sijutii maisha ya kuzika vitu visivyoonekana. Nawaambia waende zao.

Majuzi bodaboda ile ile ilikuja kuniita Bugene. Milamula imekuwa mirefu kunipita. Matairi ya gari yamekwisha upepo na kuku wanatagia chini yake. Na pale penye tambarare pamesimama nyumba ya tofali, Deogratias yuko juu anapigilia bati, Projestus anampa misumari. Walitaka kujua itabidi kuchimba mtaro mpya kiasi gani. Nikafukua kando ya kiguzo, nikaitoa kebo ya akiba, nikaikunjua taratibu juu ya nyasi. Ikafika mpaka ukutani, ikabaki kidogo.

Mama Kokushubira alikuwa amekaa mlangoni, ananingoja nimalize.

"Umeona?" akasema. "Nilikwambia uongeze."